Majitu ya Faiba Kando ya Barabara: Tangazo au Ngano?

Utangulizi

"Hiyo nayo ni fasihi?"

Swali hili niliulizwa na mwenzangu mmoja katika semina yetu ya fasihi simulizi, siku nilipoleta darasani picha ya sanamu ya mwanamume mwenye kimo cha karibu mita 6, kashika kwa mikono miwili soseji ndani ya mkate, kubwa kama mtumbwi. Darasa zima likaangua kicheko, nami nikacheka. Mwalimu peke yake hakucheka. Alinigeukia akasema, "Haya, mjibu mwenzako." Sikuwa na jibu. Makala haya ndiyo jibu lenyewe. Limechelewa, lakini wahenga walisema kawia ufike.

Picha hiyo niliipiga mwenyewe katika kijimji cha Atlanta, jimbo la Illinois, Marekani, nilipokwenda huko kwa muhula mmoja wa masomo. (Msomaji asichanganye na ule mji mkubwa wa Atlanta ulioko Georgia.) Chini ya sanamu nilimkuta bibi mmoja na mjukuu wake. Bibi alikuwa anasimulia habari za mkata magogo wa ajabu aliyekuwa na ng'ombe dume wa rangi ya buluu. Mtoto akamkatiza: mbona basi kashika mkate na si shoka? Bibi hakusita hata kidogo. Akajibu kwamba miti imekwisha, sasa jamaa anakula. Mtoto akaridhika, na hadithi ikaendelea.

Nakiri jambo moja mbele ya wasomaji wa jarida hili. Muhula uliotangulia safari hiyo niliandika insha nikidai kwamba kitu chochote kilichobuniwa ili kuuza bidhaa hakiwezi kuhesabiwa kuwa fasihi simulizi. Kwamba fasihi ya kweli hutoka kwa watu, na tangazo hutoka kwa tajiri. Nilipata alama nzuri sana. Sasa basi, jibu moja la bibi yule limeniharibia insha yangu yote. Katika makala haya nitaeleza majitu haya yalitoka wapi, yalitengenezwaje, na yalimbeba mhusika gani. Kisha nitajaribu kuonyesha kwamba ubishi kuhusu asili yake, yaani ni ya dukani au ya watu, hautufikishi mbali. Linalofaa kuulizwa ni hili: nani anasimulia sasa, nani anasikiliza, na nani hakupewa nafasi ya kusema?

Majitu haya yalitoka wapi?

Desturi ya kusimamisha kitu kikubwa kando ya njia ili mpita njia asimame haikuanza na faiba. Mwaka 1881 huko Margate, New Jersey, James Lafferty alijenga tembo wa mbao na mabati, mkubwa kama nyumba ya ghorofa, ili awavute watu waje kununua viwanja. Tembo huyo aitwaye Lucy yupo hadi leo. Mwaka 1931, kisiwani Long Island, mfugaji mmoja wa bata alijenga duka la saruji lenye umbo la bata. Mwaka 1937 mji wa Bemidji, Minnesota, ukasimamisha kando ya ziwa sanamu ya saruji ya mkata magogo Paul Bunyan, yenye futi 18, yaani kama mita 5 na nusu. Kazi hizo zote zilikuwa za mara moja. Ukitaka bata wa pili, unaanza upya na mchanga wako na saruji yako.

Faiba ilibadili mambo. Wenzetu wa pwani, ambao wamezoea kuziona boti za faiba, watanielewa upesi. Fundi huchonga kwanza umbo kamili kwa udongo au plasta. Juu ya umbo hilo hutengeneza kalibu, yaani ganda la nje ambalo ndani yake limechukua sura ya kitu chenyewe. Kisha ndani ya kalibu hupakwa tabaka la kwanza laini, na juu yake hutandazwa mikeka ya nyuzi za kioo iliyoloweshwa rezini, mmoja juu ya mwingine. Rezini ikishaganda, ganda hubanduliwa likiwa jepesi, gumu, halishiki kutu, na ndani ni tupu. Kichwa, kiwiliwili, mikono na miguu hutoka mbalimbali, halafu huungwa kwa bolti. Jitu zima hupakiwa kwenye lori likapelekwa popote. La muhimu kuliko yote ni kwamba kalibu inabaki. Kesho unatoa jingine.

Mwaka 1962, fundi aliyeitwa Bob Prewitt wa California alitengeneza Paul Bunyan wa faiba aliyekuja kusimama mbele ya mkahawa mmoja mjini Flagstaff, Arizona, kwenye ile barabara kuu nambari 66. Mwaka uliofuata, Steve Dashew aliinunua biashara ya Prewitt na kuiita International Fiberglass, kiwanda kikiwa Venice, Los Angeles. Dashew mwenyewe baadaye alijulikana zaidi kwa kusanifu mashua za tanga. Alipoona kalibu ya Bunyan imekaa bure, akaona biashara. Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kiwanda hicho kilitoa mamia ya majitu, mengi yakiwa na kimo cha kati ya mita 5 na nusu na mita 7 na nusu. Wateja walikuwa wenye vituo vya mafuta, gereji, mikahawa, maduka ya matairi na viwanja vya michezo. Makampuni makubwa nayo yaliagiza: Texaco walipata jitu lao lililovaa sare ya mhudumu wa kituo, na kampuni ya matairi ya Uniroyal ikapata mwanamke mrefu ambaye wengi walisema sura yake inafanana na ya Jacqueline Kennedy.

Leo majitu haya yanajulikana kwa jina la Muffler Men, ambalo kwa lugha ya kijiweni kwetu tungesema "Wazee wa Eksozi". Jina hilo halikutoka kiwandani. Lilitoka kwa Doug Kirby, Ken Smith na Mike Wilkins, waandishi wa kitabu cha vivutio vya barabarani kiitwacho Roadside America, cha mwaka 1986. Walipokuwa wakizunguka nchini mwao waliona majitu kadhaa yamesimama mbele ya gereji yakiwa yameshika mabomba ya eksozi, wakayabatiza hivyo. Naomba msomaji aliweke jambo hili akilini: jina la utanzu huu lilitolewa na hadhira, wala si na mwenye kalibu.

Kalibu moja, wahusika wengi

Tuje kwenye fani. Ukiitazama mikono ya majitu haya utaona ajabu moja. Kiganja cha kulia kimeelekea juu, cha kushoto kimeelekea chini. Kwa nini? Kwa sababu Bunyan wa kwanza alikuwa kashika mpini wa shoka, mkono mmoja chini na mwingine juu ya mpini. Shoka likiondolewa, mikono inabaki vilevile. Basi ukimpa eksozi, anashika eksozi. Ukimpa tairi, anashika tairi. Mjini Wilmington, Illinois, alipewa roketi na kuvalishwa kofia ya chuma ya mwanaanga. Kule Cicero, karibu na Chicago, alipewa ile soseji iliyowachekesha wenzangu.

Sisi wanafunzi wa fasihi simulizi jambo hili halipaswi kutushangaza. Fanani wa ngano haanzi kutunga kila kitu upya kila jioni. Anacho kiunzi: safari, kizuizi, msaidizi, hila, kurudi nyumbani. Anavyo vifungu vya kuanzia na kumalizia. Ndani ya kiunzi hicho hubadili jina la mnyama, jina la kijiji, kitu alichobeba shujaa, kulingana na waliokaa mbele yake. Sungura wa leo ameiba karanga, wa kesho ameiba asali. Hila ni ileile na mikono ni ileile. Wala hatusemi kwamba Sungura ni mhusika dhaifu kwa kuwa anajirudia. Kinyume chake, kujirudia ndiko kunakomfanya atambulike kabla hajafungua kinywa.

Mwenzangu alipinga hapa, na hoja yake ni nzito. Alisema fanani anabadilisha kwa ubunifu, lakini kiwanda kinabadilisha kwa oda. Kweli. Lakini tuangalie ni nani hasa aliyefanya mabadiliko. Kiwanda kilitoa mwili. Mara nyingi aliyempaka rangi upya, aliyemtoa shoka na kumpa kitu kingine, aliyemtungia jina, alikuwa mwenye mkahawa au fundi gereji wa mji mdogo. Yule wa Cicero alimwita Bunyon, kwa herufi moja tofauti na jina la mkata magogo wa hadithi, na mkahawa wake ukachukua jina hilohilo. Roketi ya Wilmington ilifaa kwa sababu mkahawa wenyewe uliitwa Launching Pad, nao ulikuwa mwaka 1965, wakati safari za anga za Gemini zikiwa midomoni mwa watu. Jina la jitu lile, Gemini Giant, lilipendekezwa na mtoto wa shule katika shindano la kutafuta jina. Sasa hapo mtunzi ni nani? Kiwanda, mwenye mkahawa, au mtoto?

Paul Bunyan: ngano ya nani?

Hapa ndipo ubishi unapopamba moto, na ndipo insha yangu ya zamani ilipojificha. Paul Bunyan ni nani? Katika kambi za wakata magogo wa kaskazini mwa Marekani, karne ya 19 ikielekea ukingoni, kulikuwa na visa vilivyosimuliwa jioni kuhusu mkata magogo mwenye nguvu zisizo na kifani. Mwanzoni mwa karne ya 20 visa hivyo vikaanza kuonekana magazetini. Kisha mwaka 1914, William Laughead, ambaye aliwahi kufanya kazi kambini, aliandika na kuchora kijitabu cha matangazo kwa ajili ya kampuni ya mbao ya Red River Lumber Company. Visa alivyovisikia alivitia chumvi yake, akachora sura, akatoa majina. Vijitabu vilivyofuata viligawiwa bure, na Wamarekani walio wengi walimjua Bunyan kupitia huko, si kupitia kambini.

Mwaka 1950 mtaalamu wa fasihi simulizi Richard Dorson alichoshwa na mambo hayo. Akabuni neno fakelore, ambalo naweza kulifasiri kuwa "simulizi bandia", akimlenga Bunyan na wenzake. Hoja yake ilikuwa kwamba kitu kilichotungwa na waandishi na wafanyabiashara, kisha kikauzwa kana kwamba ni urithi wa watu, ni udanganyifu, na kazi ya msomi ni kuutenga na simulizi halisi. Insha yangu ilimfuata Dorson hatua kwa hatua.

Lakini wapo waliomjibu. Alan Dundes, katika makala ya 1985, alionyesha kwamba mikusanyo kadhaa ya Ulaya ambayo mataifa yanajivunia nayo ilitiwa mkono na wakusanyaji wake. Kwa maoni yake, badala ya kukemea tu, msomi aulize kwa nini watu walikihitaji kitu hicho na wakakipokea. Nami nikajiuliza swali la nyumbani. Mwaka 1913 Muhamadi Kijumwa wa Lamu aliandika utenzi wa Fumo Liyongo. Mkono wa mtu mmoja, wino, karatasi. Je, kuna aliyesema kwamba siku hiyo Liyongo alikoma kuwa wa watu wa pwani? Hakuna. Sisemi kwamba utenzi wa Kijumwa na kijitabu cha kampuni ya mbao ni kitu kimoja. Kimoja ni kazi ya mshairi bingwa, kingine kilikusudiwa kuuza mbao. Ninachosema ni kwamba hoja ya kuwa kitu kiliandikwa na mtu anayejulikana, tena kwa shabaha inayojulikana, haitoshi peke yake kukiondoa kwenye mdomo wa watu.

Barabara kama jukwaa

Mulokozi, katika makala yake ya 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, anatutaka tuione fasihi simulizi kuwa ni tukio. Kuna fanani, kuna hadhira, kuna fani inayotendwa, na yote hukutana mahali fulani kwa wakati fulani. Tukiupima utanzu wetu kwa kipimo hicho, tunapata nini?

Mahali ni barabarani. Barabara nambari 66 ilianzishwa mwaka 1926, ikatoka Chicago hadi pwani ya California, safari ya karibu kilomita 3,900. Ilipita katikati ya miji midogo, na kila mji ulipigania senti ya msafiri. Venturi, Scott Brown na Izenour, katika kitabu chao cha 1972 kuhusu Las Vegas, walieleza kwamba mtu aliyemo ndani ya gari lililo mwendoni hana nafasi ya kusoma jengo polepole. Anahitaji alama kubwa inayosema upesi. Majengo yaliyo na umbo la kitu kinachouzwa wakayaita mabata, kwa heshima ya lile duka la Long Island. Maelezo hayo yanatusaidia kuona kwa nini majitu yalikuwa makubwa. Hayatusaidii kuona kwa nini watu walishuka garini.

Walishuka kwa sababu jitu peke yake ni hadithi isiyokamilika. Hakuna mtu anayelitazama jitu lililoshika roketi akaendelea na safari bila kuuliza: huyu ni nani, na kafikaje hapa? Bango la maandishi lina jibu tayari: nunua hiki, bei hii. Jitu lina mwili na mkao tu; maneno hayapo. Mwenye mkahawa hulazimika kusimulia. Mhudumu hulazimika kusimulia. Baba aliyeko kwenye usukani, mtoto anapomuuliza, hulazimika kusimulia hata kama hajui lolote. Na asipojua, anatunga. Bibi yule wa Atlanta alikuwa fanani, mjukuu wake alikuwa hadhira tena hadhira yenye maswali, na sanamu ile ilikuwa kama zana ya fanani, mfano wa kinyago au mkongojo.

Wakati nao una maana yake. Mwaka 1956 Marekani ilipitisha sheria ya kujenga barabara kuu mpya, pana, zinazopita nje ya miji. Barabara ya 66 ilianza kukimbiwa, na mwaka 1985 ikafutwa rasmi katika orodha ya barabara kuu. Miji mingi ilibaki kama soko baada ya magulio. Mji wa Blue Earth, Minnesota, ulipoona barabara mpya ya I-90 inakamilika jirani yake mwaka 1978, mwenye kituo cha redio mjini humo alihimiza wenzake wasimamishe sanamu ya faiba ya lile jitu la kijani la kampuni ya mboga za makopo, Jolly Green Giant, yenye futi 55, yaani karibu mita 17, ili wasafiri wachepuke. Waliosukuma jambo hili walikuwa wenyeji, wakatumia alama ya kampuni ili mji wao usisahaulike. Tangazo la mboga likageuka kuwa sauti ya mji: jamani, na sisi tupo.

Tangazo linapokufa

Kipimo changu cha mwisho ni hiki: tangazo likipoteza bidhaa yake, nini kinabaki? Tangazo tupu hufa papo hapo. Kalenda ya duka lililofungwa hutupwa.

Miaka ya 1970, bei ya mafuta ilipopanda na vituo vya mafuta kuacha mbwembwe, soko la majitu lilikauka. Kiwanda cha Venice kikafungwa, uzalishaji ukakoma. Majitu mengi ya Texaco yaliharibiwa. Lakini mengine yaligoma kufa. Lile la kwanza la Flagstaff lilihamia chuo kikuu cha mji huo, Northern Arizona University, ambacho timu zake huitwa Lumberjacks, yaani Wakata Magogo. Tangazo la mkahawa limekuwa mlezi wa wanafunzi wenzetu. Jitu la duka moja la matairi mjini Springfield, Illinois, lilikatwa kichwa na kimbunga mwezi Machi 2006. Likatengenezwa na kurudishwa mahali pake. Bunyon wa Cicero alikaa pale zaidi ya miaka 30, na mkahawa ulipofungwa, mwaka 2003 alihamishiwa Atlanta, mji ambao haukuwahi kuuza hata soseji moja kwa jina lake. Mwaka 2024 mjini humohumo likafunguliwa jumba la makumbusho ya majitu haya.

Na Gemini Giant? Mkahawa wake ulifungwa, na Machi 2024 jitu likapigwa mnada. Wengi waliogopa kwamba lingechukuliwa na tajiri likafungiwe kwenye ua wake. Likanunuliwa kwa dola 275,000 na jumba la makumbusho ya historia la Joliet, mji wa jirani, kwa makubaliano kwamba libaki Wilmington. Novemba mwaka huohuo lilisimamishwa tena katika bustani ya umma. Hebu tufikiri: dola 275,000 kwa ganda la faiba lililo tupu ndani, lisilouza tena kitu chochote! Kilichonunuliwa pale ni miaka karibu 60 ya watu kuuliza "huyu ni nani?" na kujibiwa. Faiba yenyewe isingefikia bei hiyo.

Yasiyosemwa na kalibu

Ningeishia hapa, makala yangu yangekuwa ya sifa tu, na mhakiki hapaswi kuwa mpiga debe. Kalibu ina siasa yake. Kiwanda kilekile kilitoa pia sanamu ya Mwenyeji Asilia wa Marekani: kifua wazi, manyoya kichwani, mkono mmoja juu kana kwamba anasalimia. Waojibwe, Wanavajo, Waapache, mataifa yenye lugha mbalimbali na mavazi mbalimbali, wote wakaingizwa katika ganda moja na kusimamishwa mbele ya maduka ya watu wengine. Sanamu za wanawake zilikuwa chache, nazo zilitolewa ili zitazamwe. Katika ngano, fanani akimdhalilisha mtu, mwenye kudhalilishwa anaweza kukohoa, kuguna, au kunyanyuka akaondoka. Faiba haisikii mguno.

Tena yuko Bunyan mwenyewe. Misitu aliyoifyeka kwa mbwembwe ilikuwa ya nani? Kwa mkataba wa mwaka 1837, Waojibwe waliachia eneo kubwa la misitu ya misonobari katika sehemu ambazo leo ni Wisconsin na Minnesota, na mashoka yakaingia. Hadithi ya kampuni haina nafasi ya jambo hilo. Katika hadithi ya kampuni miti haina mwenyewe, na mkata miti hana mshahara wa kugombania. Hapa Dorson alikuwa na haki ya kukasirika, ingawa, kwa maoni yangu, alikasirikia kitu kisicho kikubwa zaidi. Aliuliza kama hadithi ni halisi. Angeuliza hadithi inamfunika nani.

Lakini tazameni kilichotokea. Miongoni mwa Waojibwe wa Minnesota husimuliwa kisa cha Nanabozho, shujaa wao wa jadi mwenye hila nyingi, ndugu wa karibu wa Sungura wetu. Siku moja Nanabozho anamkuta Paul Bunyan anafyeka misitu. Anamzuia. Wanapigana siku 40, mchana na usiku, na mwishowe Nanabozho anamwangusha kwa kumchapa na samaki wa ziwa Red Lake. Msitu unapona. Bemidji, ambako Bunyan wa saruji amesimama tangu 1937, umezungukwa na maeneo matatu ya Waojibwe, Red Lake likiwa mojawapo. Yaani hadithi hii inasimuliwa chini ya pua ya jitu lenyewe.

Nilipokijua kisa hicho ndipo nilipoona jinsi insha yangu ilivyokosea. Mimi nilidai kwamba mhusika wa matangazo hawezi kuingia katika fasihi simulizi. Waojibwe hawakuningoja. Walimchukua mhusika wa tangazo, wakamwingiza katika ngano yao, wakampa kichapo. Ingekuwa ni simulizi bandia isiyo na nguvu, wasingehangaika kuijibu. Na mimi, kwa kumwacha Bunyan nje ya mlango wa fasihi, nilikuwa ninamfungia nje Nanabozho pia.

Hitimisho

Kwa hiyo namjibu mwenzangu hivi. Sanamu ile yenyewe, ikiwa imelala kwenye lori, si fasihi. Ni faiba, rezini na bolti. Bibi akisimama chini yake na mjukuu akauliza swali, kuna fanani, hadhira, mahali na wakati, kuna fasihi. Nanabozho akiokota samaki wake, kuna fasihi inayojibu fasihi. Tajiri alilipia kalibu, lakini hakuweza kulipia majibu yote ambayo watu wangeyatoa.

Kazi yetu wahakiki, nadhani, si kukaa mlangoni kama mabawabu tukiuliza kila hadithi cheti cha kuzaliwa. Kazi yetu ni kusikiliza inaposimuliwa, tukahesabu walioko barazani, kisha tukawatafuta ambao hawakuitwa. Nasema haya nikijua kwamba insha yangu ya zamani bado ipo kwenye faili la Mwalimu na alama zake nzuri. Namwomba asizifute. Na wenzangu wenye maoni tofauti, hasa yule aliyeuliza swali, wasinyamaze. Nimefika, sasa wanikosoe.